Mpwa wetu na kazi ya kukanda: tulivyokosea kwanza, na tulivyotafuta chuo baadaye



 Leo tumependa kuzungumza juu ya jambo lililotokea ndani ya familia yetu wenyewe. Tunalieleza kwa sababu tunajua familia nyingi zimo katika hali hiyo hiyo: kijana amemaliza shule, ana kazi anayoipenda, na sisi wakubwa tunaikataa kazi hiyo kabla hatujaijua.

Sisi tunafundisha madrasa hapa Yoba, Gitega, na dada yetu ameolewa Muyinga. Mama yetu, Allah amrehemu, alikuwa mkandaji. Mwanamke akijifungua, mama yetu aliitwa akamkanda kwa maji ya moto na kitambaa, akampaka mafuta mgongoni na miguuni, mpaka siku 40 zitimie. Alipokuwa akienda kukaa kwa dada yetu Muyinga, aliyembebea beseni alikuwa mjukuu wake, binti wa dada yetu. Mtoto yule alijifunza kwa kutazama, kisha kwa kusaidia, na mama yetu alipozeeka, watu wakaanza kumwita yeye.

Jibu la haraka

Binti huyo alimaliza sekondari na akapata diploma ya serikali. Alikaa nyumbani mwaka mzima bila kazi. Siku ya Idi akaja kututembelea Yoba, na baada ya chakula akasema, "Mjomba, nataka nisomee kukanda watu. Iwe ndiyo kazi yangu."

Ndugu wasomaji, tulimjibu mbele ya wageni, na tulimjibu kwa haraka. Tulisema, "Hiyo si kazi ya binti wa Kiislamu." Kichwani mwetu tulikuwa na picha ya zile nyumba za masaji za mijini zinazosemwa vibaya, ambako mwanamume na mwanamke wasiojuana hufungiana mlango. Hatukumuuliza anataka kumkanda nani, wapi, wala kwa elimu gani. Yeye alisema, "Sawa, mjomba," akakusanya sahani akaenda kuziosha. Sisi tukadhani mazungumzo yamekwisha.

Kumbe hayakwisha. Kwa kuwa tulimfungia mlango wa kuuliza, alikwenda kujitafutia peke yake. Alikuwa na akiba aliyoipata kwa kuuza sambusa. Aliichukua yote akailipa mahali fulani Bujumbura kwa mafunzo ya wiki mbili. Walimwonyesha namna za kusugua mgongo na shingo. Hakuna aliyemfundisha mifupa, mishipa wala maradhi. Mwishoni akapewa cheti chenye muhuri mkubwa. Alipokipeleka hospitalini kuomba kazi, walimwambia kwa upole kwamba karatasi ile haitambuliwi.

Mguu uliovimba

Akarudi Muyinga akaendelea na kazi ya bibi yake. Siku moja akaitwa kwa mwanamke aliyekuwa na wiki mbili tangu ajifungue. Mguu mmoja ulikuwa umevimba, una joto, na nyama ya nyuma ya mguu inauma ikiguswa. Wenyeji wakamwambia, "Ukande vizuri, damu itembee." Akapaka mafuta mikononi. Kwa rehema ya Allah, mama mkwe wa yule mwanamke aliwahi kuwa muuguzi. Aliingia, akauona mguu, akasema, "Usiuguse! Huyu anakwenda hospitali sasa hivi."

Ilikuwa ni damu iliyoganda ndani ya mshipa. Wanaojua wanatuambia kwamba mwanamke aliyejifungua yuko katika hatari ya jambo hilo kwa wiki kadhaa, na dalili zake ndizo hizo: mguu mmoja kuvimba, joto na maumivu. Ukiukanda mguu kama huo, lile donge la damu linaweza kubanduka, likasafiri mpaka kwenye mapafu, na mtu akafa. Mwanamke yule alitibiwa akapona, alhamdulillah.

Usiku ule mpwa wetu alitupigia simu akilia. Alisema, "Mjomba, najua kukanda, lakini sijui ni wakati gani nisikande."

Hatukupata usingizi. Mama yetu alikuwa mkandaji, na tunakumbuka kwamba kulikuwa na wagonjwa ambao aliwarudisha, akisema huyu apelekwe kwa daktari. Elimu hiyo alikufa nayo. Binti yetu alirithi mikono, hakurithi maonyo, na sisi ambao tungeweza kumsaidia kuyatafuta tulimnyamazisha kwa sentensi moja. Asubuhi tulipanda gari tukapita Karusi mpaka Muyinga, tukamwomba radhi mbele ya baba yake na mama yake. Kosa lilifanywa hadharani, kwa hiyo tuliona na radhi iombwe hadharani.

Tuliyoyakuta tulipouliza

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba neno "kukanda" limebeba kazi zaidi ya moja. Iko ile ya nyumbani ya bibi zetu. Iko masaji ya kupumzisha mwili, inayofanywa mahotelini na kwa wanamichezo. Na iko ile ambayo hapa Burundi tunaiita kine, na jirani zetu wa Tanzania na Kenya wanaiita fiziotherapia, ambayo ni kazi ya afya kamili.

Hapa hapa Gitega kipo kituo cha taifa cha viungo bandia na urekebishaji wa viungo, kinachojulikana kwa jina la CNAR. Tumekaa mji huu miaka yote hii, na hatukuwahi kujiuliza wanaofanya kazi mahali kama hapo walisoma wapi. Tulipoanza kuulizauliza tukaelekezwa kwenye INSP, chuo cha taifa cha afya ya jamii kilichoko Bujumbura, ambako kine inafundishwa. Na kwa kuwa Muyinga iko karibu na mpaka wa Kobero, tuliuliza na ng'ambo pia: Tanzania inafundishwa KCMC, Moshi, na Kenya inafundishwa katika vyuo vya KMTC.

Mtaalamu mmoja wa kine alitupa muda wake, Allah amlipe. Alimwambia mpwa wetu ukweli ambao wauza vyeti hawakumwambia. "Kukanda ni sehemu ndogo ya kazi yetu. Sehemu kubwa ni mazoezi, ili mgonjwa atembee mwenyewe." Akataja wagonjwa wake: mzee aliyepatwa na kiharusi na mkono mmoja hauinuki, mtoto aliyechelewa kukaa, kijana aliyeanguka na pikipiki, plasta imetolewa na goti halikunji. Akasema masomo yake ni ya miaka, si ya wiki, na kuna anatomia nyingi ya kuhifadhi. Mpwa wetu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nimehifadhi juzuu, nitahifadhi na mifupa." Tukacheka sote.

Je, kazi hii ina aibu?

Hapa tuseme wazi, maana ndipo tulipokosea. Hofu yetu ilikuwa na msingi, lakini tuliipeleka mahali pasipo pake. Yako masaji ambayo Muislamu hawezi kuyafanya. Lakini ubaya wa baadhi ya wafanyao kazi haufanyi kazi yenyewe kuwa mbaya.

Na jambo hili si geni duniani. Uingereza, mwaka 1894, kazi ya masaji ilikuwa imechafuka jina mjini London kwa sababu ya nyumba zilizojificha nyuma ya jina hilo. Wauguzi 4 wanawake, mmoja wao akiitwa Rosalind Paget, hawakuiacha kazi. Walianzisha chama cha wakandaji wenye mafunzo, wakaweka mtihani na masharti: asikandwe mtu ila kwa maelekezo ya daktari, na wanawake wale wasiwakande wanaume isipokuwa kwa ombi maalumu la daktari. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa chama cha fiziotherapia cha Uingereza mpaka leo. Tazameni, hawakuwa Waislamu, na bado waliona kwamba heshima ya kazi hii inalindwa kwa elimu na mipaka.

Na sisi Waislamu tusijione wageni humu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika juu ya kukanda katika kitabu chake cha tiba, Al-Qanun, akaeleza aina zake, kukanda kwa nguvu na kukanda kwa ulaini, na athari ya kila moja. Na katika zama za Mtume (S.A.W.) anatajwa bibi Rufayda, aliyekuwa na hema la kutibu majeruhi, na katika hema hilo ndimo alimolazwa Sa'd bin Mu'adh alipojeruhiwa katika vita vya Handaki.

Sasa wazazi, tujiulize swali moja. Tunasema, na ni haki yetu kusema, kwamba tunapenda mama zetu na wake zetu wahudumiwe na wanawake. Je, wanawake hao watatoka wapi ikiwa kila nyumba inamkataza binti wake kusoma? Mama akipatwa na kiharusi Yoba au Muyinga, atahitaji mikono ya kumshika kila siku. Tukiwakataza mabinti zetu, tumewakatalia mama zetu.

Tungependa kusema neno pia kwa wenye watoto wasioona. Japani, kwa karne nyingi, wasioona wamekuwa wakifanya kazi ya kukanda, na katika karne ya 17 Sugiyama Waichi, ambaye mwenyewe hakuona, alianzisha mafunzo kwa ajili yao. Hapa jirani, Rwanda, mradi uitwao Seeing Hands Rwanda umewafundisha wasioona kazi hii mjini Kigali. Mtoto wako asiyeona si lazima awe wa kusaidiwa tu.

Kabla hujalipa ada

Kutokana na yaliyotupata, tunawashauri wazazi na wanafunzi waulize haya kabla ya kutoa faranga hata moja:

1. Nani anakitambua cheti hiki? Usimuulize mwenye chuo. Nenda hospitalini au kwenye idara ya afya, uulize kama mwenye cheti hicho wanaweza kumwajiri.

2. Wanafundisha mifupa, misuli na mishipa, au wanafundisha kusugua tu?

3. Wanafundisha wakati wa kutokanda? Homa, kuvimba kusikojulikana sababu, mfupa uliovunjika, damu iliyoganda. Chuo kisichofundisha haya kitampeleka mtoto wako kwenye msiba.

4. Mazoezi yanafanywa kwa nani, na nani anasimamia? Uliza kama mwanafunzi wa kike anaweza kujifunza na kuhudumia wanawake, na mwanamume wanaume. Uliza mapema, kwa adabu.

5. Ukihitimu utafanya kazi wapi? Zungumza na mtu mmoja aliyekwisha kuhitimu, na sikiliza anayosema.

La sita tunawaambia walimu wenzetu. Kijana akikuuliza jambo usilolijua, mwambie, "Ngoja niulize." Halikupunguzii heshima. Sisi jibu letu la haraka lilimgharimu binti yetu akiba yake na mwaka wake, na lilikaribia kumgharimu mwanamke mwingine uhai wake.

Alipofikia

Mpwa wetu sasa ni mwanafunzi wa kine Bujumbura, anakaa kwa shangazi yake Buyenzi. Si rahisi. Ada tunachangiana, baba yake, sisi na wajomba wengine, na yako mazito mengine tunayoyabeba polepole. Kila mwezi tunauliza kama tutafika, na mpaka sasa Allah ametufikisha.

Likizo iliyopita alikuja Yoba. Sisi tuna mgongo unaotusumbua, kwa sababu ya miaka mingi ya kukaa kwenye mkeka na wanafunzi. Tukamwambia, "Haya daktari, utukande." Yeye akakaa kitako kwanza akaanza kuuliza. Maumivu yalianza lini? Yanashuka mguuni? Kuna ganzi? Tuliwahi kuanguka? Usiku yanatuamsha? Tukamwambia, "Binti yetu, bibi yako hakuuliza maswali yote haya." Akajibu, "Aliuliza, mjomba. Alikuwa anauliza huku anazungumza habari nyingine, ndiyo maana hamkusikia."

Kisha akatukanda, kwa mikono ile ile ya mama yetu. Alipomaliza akatukataza kukaa chini zaidi ya nusu saa bila kuinuka, akatuonyesha zoezi la kufanya kila asubuhi. Tunalifanya baada ya swala ya Alfajiri.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya riziki ya halali, na atujaalie sisi wakubwa tuwe wenye kuwafungulia. Amin.