Siku ya posho: soko, kitabu cha sheria na mchezo wa radio

Hapa Lubumbashi siku ya sita tunaiita siku ya posho. Jina hilo limebaki toka wakati wa Union Minière, kampuni iliyokuwa inagawia wafanyakazi wake posho ya chakula kila juma. Leo kila mtu anajitafutia posho yake mwenyewe.

Siku ya posho iliyopita sikuwa na kazi ya radio. Saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye soko ya Kenia: unga wa mahindi meka tatu, sombe, samaki wa chumvi, mafuta na mfuko mdogo wa makala. Muuzaji aliniambia kwamba magari yamekawia Kasumbalesa. Unga mwingi tunaokula unatoka Zambia, kwa hiyo mpaka ukiwa na shida, wamama wa soko wanajua mbele ya waandishi wa habari. Nilinunua pia betri nne za radio, kwani kuranti ya mtaani kwetu inakuja na kwenda.

Mchana nilikaa chini ya mwembe na kusoma. Kitabu chenyewe kilikuwa sheria ya jamaa, ile Code de la famille ya tarehe 1 Agosti 1987, pamoja na marekebisho ya 2016. Nilikuwa na sababu. Katika lupango tunamokaa kuna mama mjane. Bwana yake amezikwa wiki tatu tu zimepita, na ndugu za marehemu wamekwisha kuomba funguo za nyumba. Nilimuuliza kama anaweza kusema kwa radio. Akanijibu: «Mwanangu, nikisema, kesho watasema nimeuza siri ya jamaa.» Sikumlazimisha. Habari inataka jina na sauti, naye anaogopa yote mawili.

Sheria inasema wazi. Artikle 758 inaweka watoto mbele kwenye urithi, waliozaliwa ndani ya ndoa na wale wa inje ambao baba aliwatambua kisheria akiwa hai. Mjane anakuja katika kundi la pili, pamoja na wazazi na ndugu za marehemu. Lakini artikle 785 inampa mjane haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyokaa na bwana yake, pamoja na vyombo vyake. Ndugu wanaweza kuwa na fungu lao, ila kumfukuza mjane nyumbani si fungu la mtu.

Jioni tukaweka radio mlangoni, wapangaji wote wakavuta viti. Mji wetu unapenda michezo hii toka zamani. Kundi la Mufwankolo liliichezea watu kwa radio katika Kiswahili cha hapa hapa, hata mtaalamu Johannes Fabian akaandika kitabu juu yao mwaka 1990. Jioni hiyo vijana wa radio moja ya mtaa walicheza kilio: baba mkubwa anafika na kufuli mfukoni, watu hawajarudi hata toka makaburini. Tulicheka sana. Mama mjane alicheka pia, kisha akasema polepole: «Huyo baba mkubwa ninamujua. Wa kwangu kufuli amekwisha kununua.»

Kukawa kimya. Mzee mmoja, mpangaji wa nyumba ya nyuma, akauliza kama kweli ndugu wana haki ile. Nikaleta kitabu, nikasoma kwa Kifaransa na kueleza kwa Kiswahili. Mama akaniomba nimwandikie namba ya artikle kwenye karatasi, akaikunja na kuiweka pamoja na karatasi yake ya ndoa. Mzee akasema: «Siku ya kwanza nitakusindikiza kwa shefu wa kartie. Hautaenda peke yako.»

Juma lote nilitafuta mtu wa kusema mambo haya kwa mikro bila kumpata. Mchezo haukutaja jina la mtu, na mwenye shida akasema mwenyewe, mbele ya watu wanaoweza kumsaidia.

Ndugu za marehemu wameita mkutano siku ya posho inayokuja. Kwa wengine, neno ni hili: kama ndoa yenu ni ya kimila tu, muende kuiandikisha kwenye komini wakati wote wawili mungali wazima. Bila karatasi ile, artikle 785 inakuwa ngumu kuitetea.