Kupe wa Ng'ombe, Viroboto wa Paka

Nilipomaliza stashahada ya mifugo Buhuri, nje kidogo ya mji wa Tanga, mdudu niliyemjua vizuri ni kupe. Ndivyo tulivyofundishwa, na ilikuwa haki. Ndigana kali ikiingia kwenye banda la mfugaji mwenye ng'ombe wawili wa maziwa, ada ya watoto imekwenda. Tulifunua masikio ya ng'ombe kumsaka yule kupe wa kahawia anayeeneza ugonjwa huo, tukapima dawa ya kuogeshea, tukanyunyiza kwa bomba hadi chini ya mkia. Paka alitajwa kwenye somo la kichaa cha mbwa, basi.

Kazi niliyopata ikawa ya mjini, kwenye duka la dawa za mifugo lenye chumba cha matibabu kwa nyuma. Mitaa ya Ngamiani ina paka wengi, na wanapendwa. Hula vichwa vya samaki, hawafukuzwi mlangoni, na kwa kuwa kwa Waislamu paka si najisi, hata kwenye mswala hulala. Akipata viroboto yeye, wamepata wote. Watu walikuja dukani wakijikuna vifundo vya miguu na kuomba dawa ya kunguni.

Kilichonilazimisha kumsoma paka upya ni ile ile dawa ya ng'ombe. Mama mmoja alileta paka ndani ya kapu la ukindu. Ngozi ya mgongoni ilikuwa ikirukaruka, masikio yakitetemeka, miguu imekakamaa, na manyoya yakinuka dawa ya josho. Duka fulani lilikuwa limempimia kizibo kimoja, akaambiwa achanganye na maji ampake paka. Tulimwogesha mara mbili kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, tukamfuta na kumfunika kanga asipate baridi, na daktari akamchoma diazepamu kutuliza degedege. Usiku ule tulikesha naye. Alipona. Wengine walioletwa baadaye wakiwa hivyo hawakupona.

Dawa nyingi za kuogeshea mifugo ni za jamii ya pamethrini. Ng'ombe huistahimili, mbwa pia. Ini la paka haliwezi kuivunja upesi, basi sumu hubaki mwilini ikichezea mishipa ya fahamu. Juu ya hayo paka hujilamba kutwa, kwa hiyo unachompaka mgongoni umemlisha. Amitrazi, inayojaa kwenye majosho yetu, nayo simshauri mtu aiguse kwa ajili ya paka. Mafuta ya taa huunguza ngozi, na akiyalamba yanaweza kuingia mapafuni. Maji ya tumbaku ni sumu kabisa. Ndiyo maana hadi leo, mtu akinishushia paka mezani, kabla sijamgusa namuuliza: umeshampaka nini? Nauliza kwa upole, maana mwenye paka akihisi anashtakiwa atanificha, na nikifichwa naweza kuongeza dawa juu ya dawa.

Kuwatambua viroboto kunataka subira zaidi ya macho makali. Bibi mmoja wa mtaa wa pili alinijia amekasirika kwa niaba ya paka wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu hana viroboto. Nimemfunua mwili mzima, sikuona hata kimoja. Nataka dawa ya mba."

Nilipitisha kitana cha meno ya karibu kwenye shina la mkia, mahali viroboto wanapopenda kukaa. Zikatoka chembe nyeusi, ungesema vumbi la jikoni. Niliziweka juu ya pamba nyeupe iliyolowa, tukasubiri. Taratibu kila chembe ikazungukwa na duara la wekundu wa kutu. Nikamwambia hiyo ni damu ya paka wake, imepita tumboni mwa kiroboto ikatoka kama kinyesi. Viroboto wenyewe haoni kwa sababu paka huwameza akijilamba. Na humo ndimo apatamo tegu, kwa kuwa kiroboto hubeba mbegu ya mnyoo huyo. Vipande vyake hunata mkunduni mwa paka vikifanana na punje za mchele. Bibi aliitazama ile pamba kwa muda mrefu, akaomba aondoke nayo akawaonyeshe wajukuu.

Ugumu uko nyumbani. Kiroboto jike anaweza kutaga mayai 40 kwa siku, na mayai hayashiki manyoya. Hudondoka popote paka alipolala. Mabuu hukimbia mwanga, yakajificha chini ya mkeka na uvunguni, yakila kile kinyesi chenye damu, kisha kila buu hujisokotea kifuko. Humo linaweza kungoja miezi. Familia ikifunga nyumba kwenda kula Idi shamba, ikirudi inalakiwa na viroboto wenye njaa, kwa kuwa mtikisiko wa nyayo na joto la mwili ndivyo vinavyowaamsha. Ukimtibu paka ukaiacha nyumba, umetibu sehemu ndogo sana ya tatizo. Mikeka ianikwe juani, mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, uvungu ufagiliwe na taka zitupwe mbali, na dawa ya paka irudiwe kila mwezi kwa miezi 3 hivi, kwa paka wote wa nyumba.

Dawa yenyewe ni matone, ya fipronili au selamektini. Unatenganisha manyoya nyuma ya shingo, ulimi usikofika, unadondosha kwenye ngozi, kwa kipimo cha uzito wake. Bei inauma, nakubali. Wapo wanaogawanya dawa ya mbwa mkubwa kwa paka watatu, na hapo pamethrini hurudi kwa mlango wa nyuma. Wenye sungura nawaonya zaidi: fipronili inayomponya paka humuua sungura.

Masikio ni habari nyingine. Paka akitikisa kichwa na kujikuna hadi damu ivilie kwenye sikio, mulika ndani: uchafu mkavu mweusi, na ukiwa na lenzi, vidoa vyeupe vinavyotembea. Huo ni utitiri wa masikioni, na paka hupeana kwa kugusana tu. Upele wa kichwani nao huanzia kingo za masikio, ukashuka usoni kwa magamba mazito, na mwenye paka huanza kujikuna mikono. Vyote viwili hutibika kwa selamektini, mradi usimtibu mmoja ukawaacha wenzake.

Wanaonitia hofu zaidi ni watoto wa paka. Viroboto wanaweza kuwanyonya hadi wakaishiwa damu. Huwa nainua mdomo wa juu kwa kidole gumba niangalie ufizi. Ukiwa mweupe, namwita daktari palepale. Chini ya wiki 8 matone mengi hayaruhusiwi, kwa hiyo tunachana kwa kitana, tunazamisha viroboto kwenye bakuli la maji ya sabuni, tunamwogesha kwa maji ya vuguvugu kwa haraka na kumkausha kabisa, kwa kuwa baridi nayo humuua. Mama yao naye anapata dawa yake siku hiyo hiyo, ila inayoruhusiwa kwa anayenyonyesha, na tambara walilolalia linachomwa. Kesho yake nachana tena.