Fagia Kwanza, Kitanda Baadaye

Siku chache kabla ya mwaka wao mpya, ambao huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, Wachina hufanya usafi mkubwa wa nyumba. Makabati husogezwa, tandabui hutolewa darini, vilivyovunjika hutupwa. Mwaka ukishaingia, ufagio huwekwa kando: siku ya kwanza hawafagii, wasije wakaitoa nje bahati. Bibi yangu wa Tanga, ambaye hakuwahi kukaa na Mchina, alitukataza kufagia usiku kwa hoja hiyohiyo. Mtafukuza riziki, alisema.

Kwa hiyo nilipokutana na fengshui sikuiona ngeni sana. Ni elimu ya kale ya kuchagua mahali, na iliwahusu wafu kabla ya kuwahusu wanaopanga sebule. Kitabu chake mashuhuri, kinachonasibishwa na Guo Pu aliyefariki mwaka 324, kinaeleza pa kumzika mtu ili upepo usiitawanye nguvu ya uhai. Chumbani, masharti yake ni mepesi: kichwa cha kitanda kiegemee ukuta, anayelala auone mlango, ila miguu isiuelekee moja kwa moja, maana hivyo ndivyo maiti anavyotolewa, na uvunguni pasirundikwe vitu. Mwaka 1998 Karen Kingston alitoa kitabu kizima kinachounganisha fengshui na kupunguza vitu nyumbani. Hapo namwelewa zaidi kuliko wauza vioo na vikengele vya kuning'iniza mlangoni.

Sisi nasi tuna usafi wetu. Ramadhani ikikaribia, magodoro huanikwa juani na mapazia hufuliwa. Lakini tazama kinachorudi ndani. Feni iliyoungua mota hupanguswa vumbi, ikapandishwa tena juu ya kabati. Kadi za harusi za watu walioachana hurudi droo ileile. Uvunguni kuna begi la nguo za mtoto ambaye sasa ana ndevu. Tumeondoa vumbi tu.

Sitaki kumcheka mtu kwa hilo. Waliokuwa watu wazima Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipanga foleni kwenye maduka ya kaya kwa sukari na sabuni. Kopo tupu lilikuwa mali. Mtu wa namna hiyo hatupi kamba, na aliwalea watoto wasiotupa kamba. Ile feni juu ya kabati inatunza hofu ya kukosa, na hofu haifagiliki kwa siku moja. Ndiyo maana naona ni kazi bure kumwambia mama wa miaka sabini atupe kila asichokitumia. Muulize kwanza kila kitu kilitoka wapi. Vingine atavitoa mwenyewe akishakusimulia.

Sidai kwamba kitanda kikigeuzwa mshahara utaongezeka. Bahati sijaiona; upepo nimeuona. Kabati likiondoka dirishani, joto la Februari linavumilika. Kwenye nguo zilizolundikwa katika kona ya giza ndiko mbu wanakopumzika mchana, na hilo halihitaji mwalimu kutoka China.

Basi kabla hujanunua kikengele, fungua mlango wa chumba chako mpaka uguse ukuta. Ukikwama, anza na hicho kilichouzuia.