Foni haina mlango

Katika nchi yetu ya machimbo, toka Kasongo mpaka Kabambare, hakuna mtu mzima asiyejua foni. Wakati simu zilikuwa hazijafika, foni ndiyo ilitupasha habari zote. Misioni, hospitali, wenye malori, wanunuzi wa zahabu, kila mmoja alikuwa na kisanduku chake, betri ya gari, na waya mrefu kati ya miti miwili. Hata leo kuna vijiji ambamo simu haishiki, na foni ingali na kazi.

Leo ninataka kuongea nanyi, zaidi ninyi vijana, juu ya ndugu mdogo wa foni: redio ya wale wanaoitwa radioamateri. Radioamateri ni mtu anayeongea hewani kwa kupenda tu, si kwa mshahara wala kwa biashara. Katika nchi nyingi anafanya mtihani kwanza, kisha serikali inampa kibali na indikatifu, ndiyo kusema jina lake la hewani. Kwetu Kongo jina hilo linaanza kwa 9Q, Tanzania 5H, Kenya 5Z, Burundi 9U. Mfalme Hussein wa Jordani, aliyekufa 1999, alikuwa radioamateri. Hewani alijulikana kwa JY1. Mimi pia niko mmoja wao, na vijana wawili wa kanisa wamekwisha kuniuliza namna ya kuanza. Ninafurahi sana. Lakini mbele ya kuwafundisha kukata waya, nimewaomba waelewe jambo moja: anayefungua redio nyumbani kwake amefungua dirisha, na dirisha hilo halina pazia.

Wazee wetu walijua jambo hili kwa ngoma. Misionari Mwingereza John Carrington, aliyetumika Yakusu karibu na Kisangani, alitoa katika 1949 kitabu kizima juu ya ngoma zinazosema. Alieleza kwamba kila mtu alikuwa na jina lake la ngoma, refu kuliko jina la nyumbani. Hiyo si indikatifu? Na anayepiga ngoma jioni kando ya mto hawezi kuchagua masikio. Kijiji anachokiita kinasikia, na kile asichokiita kinasikia pia.

Redio ni hivyo, tena zaidi. Nikisema neno hapa Kasongo kwenye megahertz 7, wimbi linapanda juu, linagonga tabaka la hewa lililo mbali sana juu ya mawingu, na linarudi chini kama mvua. Linanyesha Kabambare, linanyesha Kindu, linanyesha Kigoma ng'ambo ya ziwa. Usiku linakwenda mbali kupita. Wewe huwezi kuliambia wimbi: pita kwa rafiki yangu, usipite kwa mwizi. Na anayesikiliza hahitaji kibali wala mtihani ili akusikie. Anahitaji kisanduku kidogo na uvumilivu.

Nilipokuwa kwenye shule ya Biblia nilipewa kazi ya kushika foni saa 1 asubuhi. Mbele ya zamu yetu kufika ilibidi kungoja wengine wamalize, na kungoja ni kusikia. Asubuhi moja nilisikia mfanya biashara mmoja akiongea na mdogo wake. Katika dakika tano tu nilijua kwamba atalala Kipaka siku ya Alhamisi, kwamba lori limeharibika na yeye anakuja kwa pikipiki, kwamba dereva wake ni mgonjwa, kwamba bibi yake yuko peke yake na watoto, na kwamba "ile mambo" iko bado ndani ya chumba cha nyuma. Sikumwuliza hata neno moja! Juma lile nyumba yake ilivunjwa usiku. Mimi sisemi kwamba wezi walisikia foni. Labda waliambiwa na jirani. Ninasema tu kwamba hawakuhitaji jirani.

Labda utanijibu: Pasta, watu wa machimbo wana akili, wanaficha kwa majina. Ndiyo, nimesikia hayo majina. Huyu anaita zahabu "chumvi", yule anaita dola "mayai". Halafu anasema hewani: "Ninakutumia chumvi gramu mia tatu, iwe na mutu wa kuilinda njiani." Ndugu yangu, chumvi gani inapimwa kwa gramu na kulindwa njiani? Hata mtoto anayeuza karanga sokoni ameelewa.

Kwa radioamateri jambo hili liko nzito zaidi, maana kufuli ya namna hiyo imekatazwa kwake. Kanuni za mataifa juu ya redio zinasema kwamba radioamateri wa nchi mbalimbali hawaruhusiwi kuficha maana ya maneno yao kwa kode. Wala hawaruhusiwi biashara. Wanaruhusiwa kuongea juu ya majaribio ya redio, na mambo madogo ya mtu mwenyewe. Hapo ndipo penye mtego! Maana bei ya zahabu hutaitaja, sheria imekuzuia. Lakini "bibi yangu amekwenda matanga Lusangi, niko peke yangu" ni jambo dogo la mtu mwenyewe. "Nimenunua paneli mpya na betri mbili" ni jambo la redio. Umesema kweli, umefuata sheria, na umemwelekeza mwizi mpaka kwa kitanda chako.

Kwa hiyo radioamateri hana kufuli nyingine isipokuwa kunyamaza juu ya mambo fulani. Mkumbuke mfalme Hezekia na wajumbe wa Babeli. Watu wale hawakuvunja mlango. Walikuja kumwamkia kwa sababu alikuwa mgonjwa, naye mwenyewe akawatembeza hazina yote, mpaka hakubakiza chumba.

Sasa mtu ataongea nini? Mengi! Mimi ninaweza kukaa nusu saa na mtu wa Brazili tukiongea juu ya mvua, urefu wa waya, na namna ya kukinga kisanduku na mchwa. (Mchwa wa Kasongo wanapenda plastiki, sijui kwa nini.) Yeye ataniuliza niko wapi, maana ni desturi. Radioamateri wamegawanya dunia yote kwa miraba yenye majina. Mraba wetu unaitwa KI35. Ni mkubwa, karibu kilometa 220 kwa 110, na ndani yake muko Kasongo pamoja na Kabambare. Ninampa hizo herufi mbili na namba mbili, naye anafurahi. Lakini kuna wanaoongeza herufi mbili zingine, na mraba unapungua mpaka kilometa 9 kwa 5 hivi. Wengine wanaongeza tena namba mbili, na hapo tumebakia na mita 900 kwa 460. Hiyo si nchi tena. Hiyo ni kartie yako, na antena yako inaonekana juu ya migomba.

Vilevile kuna karatasi. Radioamateri wakisikilizana wanapelekeana kadi za ushuhuda zinazoitwa QSL, na juu ya kadi wanaandika jina na anwani. Katika Marekani serikali yenyewe inatangaza majina na anwani za radioamateri wote, na leo mtu yeyote anazisoma kwenye intaneti. Kwa hiyo wengi wao wanaandika sanduku la posta, hawaandiki nyumba. Sisi ambao posta yetu imelala tunaweza kumwomba rafiki wa nchi nyingine apokee kadi zetu. Radioamateri wengi wanafanya hivyo, hakuna haya. Na wewe kijana, usiweke kwenye simu picha yako umekaa mbele ya redio na dirisha nyuma yako. Mwizi hatazami sura yako. Anatazama nondo za dirisha.

Mfalme Hussein, kila mtu alijua nyumba yake. Lakini yeye alikuwa na askari langoni. Wewe uko na mbwa mmoja, na mbwa mwenyewe analala.

Jambo ambalo lilinichukua muda kulifikiri ni saa. Ukizoea kuongea kila jioni saa 1, rafiki wanazoea kukungoja. Siku unapokosa, kunyamaza kwako kunatangaza safari. Mimi ninakwenda Kabambare mara nyingi kwa kazi ya kanisa, na njia ile unajua: ni kilometa zaidi ya mia moja ukiwa ndege, na sisi si ndege. Kwa hiyo tangu mwanzo sikuweka saa. Juma moja ninaongea mara nne, juma lingine siongei. Sasa nikikosa, hakuna anayejua kama nimesafiri au betri imelala au nina mahubiri ya kutayarisha. Neno hili lilitoka kwa bibi yangu. Jioni moja alisimama mlangoni na taa mkononi, akaniambia: "Papa, weye unasemaka na dunia yote, lakini mulango niko naulinda miye." Hakukasirika. Alikuwa anahesabu tu. Nami niliona kwamba hesabu yake ni sawa. Tangu siku ile yeye ndiye anayejua safari zangu, na sisi wawili tunapatana kwa mdomo, jikoni, mbele ya kuondoka. Hewani hakuna.

Hapa sherti niseme upande wa pili, maana kuna vijana wakisikia "fichama" wanakwenda kupita kiasi. Wanataka kuweka redio darini usiku na waya wa siri, jirani asijue. Kwetu hilo ni hatari kuliko wezi! Wazee wanakumbuka 1964, wakati wa Wasimba, redio za misioni zilivyotazamwa kama vyombo vya kuita ndege, na watu waliteswa kwa neno hilo. Katika vita vya 1996 na 1998 pia, mtu mwenye foni aliweza kuitwa mpelelezi na upande huu asubuhi, na upande ule jioni. Jirani anayesikia sauti usiku ndani ya nyumba iliyofungwa, na lugha asiyoielewa, atasema nini? Atasema unaita watu wa silaha. Siku watu hao wakifika kwa sababu zao zenyewe, jina lako ndilo litakalotajwa.

Ficha habari zako, lakini usifiche chombo. Omba kibali kwa njia ya ARPTC, na kopi yake umpelekee chefu na mkubwa wa kartie kwa mkono wako. Waite majirani siku moja wasikie mtu wa Japani akisema. Watacheka, watarudi kwao, na watoto wao watakuambia ni nani amepita kwenye lupangu wakati hukuwapo. Mimi sijui mlinzi aliye bora kuliko huyo.

Ni kweli antena yenyewe inasema "hapa kuna kitu". Lakini haihitaji kuwa mnara. Kwa megahertz 7 waya wa mita 20 unatosha, mita 10 kila upande. Ukiutundika chini chini, mita nne tu, kati ya mwembe na nyumba, wimbi linapanda wima na kurudi karibu, na ndiyo tunayotaka kwa Kabambare na Kindu. Wageni wengi wanaufikiri waya wa nguo. Bibi yangu ameutumia kwa nguo mara moja; nilimwomba asirudie, maana chombo kikiwa wazi waya unaunguza.

Sasa neno kwa wasomaji wetu wa Salamabila na vijiji vya kandokando. Ninyi mnajua kuliko mimi. Katika 2017, na tena katika 2019, watumishi wa mgodi wa Namoya walitekwa nyara katika eneo lenu. Mahali pa namna hiyo redio ya kupenda si mchezo. Wakati kuna mapigano, zima. Usieleze hewani nani amepita na wako wangapi, hata kama rafiki wa ng'ambo anakuuliza kwa huruma. Wenye vyombo vya kutafuta mahali wimbi linakotoka wanahitaji kukupima toka sehemu mbili au tatu tu, na wanakupata. Kama kuna mtu anakufa na msaada unahitajika, hapo sema, sema wazi na kwa ufupi, kanuni zinaruhusu. Na watu wa silaha wakiingia wakidai redio, uwape. Uwape na betri. Usibishane juu ya kibali, usiseme ni ya kanisa.

Wale vijana wawili watakuja Jumamosi na waya wao. Tutaanza kwa daftari: kila mmoja ataandika namba iliyochongwa nyuma ya chombo, na daftari litakaa kwa mama yake, mbali na redio. Vyombo vilivyoibiwa vinarudi kuuzwa sokoni, na bila ile namba huwezi kumwonyesha polisi kwamba ni chako. Halafu nitawaonyesha namna ya kuchomoa antena wakati radi inakuja, maana mwezi wa kumi umefika.