Tarehe ya ndoa ni ipi? Uraia, eCitizen na shemeji yangu wa Shirati

Leo tuweke kando habari za seva na programu, ingawa mtaona hatutafika nazo mbali.

Hapa Rodi Kopany, watu wakishajua kwamba ulisomea kompyuta, basi wewe ndiye fundi wa kila kitu chenye skrini. Simu iliyoingia maji ni yako, printa ni yako, na eCitizen ndiyo yako kabisa. Majuzi aliyekuja ni mke wa binamu yangu. Ni Mjaluo kama sisi na Dholuo tunaongea moja, ila yeye amezaliwa Shirati, wilaya ya Rorya, ng'ambo ya mpaka. Mpaka wenyewe ni ule mstari ambao Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886 na kuufikisha ziwani kwenye nyuzi 1 kusini, bila kumwuliza mtu aliyekuwa akiishi hapo. Kwenda kwao anapanda matatu mpaka Rongo, kisha Migori, anavuka Isebania na kutokea Sirare. Kwake hiyo ni safari ya kwenda nyumbani, lakini kwa serikali mbili ni safari ya kwenda ng'ambo.

Alitaka kujua kama anaweza kuwa Mkenya, kwa kuwa ameolewa hapa na watoto wote ni Wakenya.

Nilifungua Katiba ya 2010, na naomba niseme kitu kama mtu wa programu: Kifungu cha 15 kimeandikwa vizuri. Aliyekaa kwenye ndoa na raia wa Kenya kwa miaka 7 au zaidi ana haki ya kusajiliwa kuwa raia akiomba. Hakisemi mke wala mume. Katiba ya zamani ilimpa nafasi hiyo mwanamke aliyeolewa na Mkenya tu. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mkenya hakuwa nayo, hata kama wangezeeka pamoja. Hali hiyo ilidumu hadi tarehe 27 Agosti 2010. (Ndugu zetu Watanzania bado wanayo: sheria yao ya uraia ya 1995 inamtaja mwanamke aliyeolewa na raia, mwanamume haitaji.)

Kisha ikaja Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 na masharti yake. Ndoa iwe ya mfumo unaotambuliwa na sheria, isiwe imefungwa kwa ajili ya kutafuta karatasi, na wenzi wawe wanaishi pamoja hadi wakati wa kuomba. Anayetaka ukazi wa kudumu tu, sheria hiyo hiyo inamtaka awe na miaka 3 ya ndoa.

Mpaka hapo mambo ni rahisi: ukitoa tarehe ya ndoa kutoka tarehe ya leo, ukapata 7 au zaidi, endelea. Tukafika kwenye tarehe ya ndoa.

"Shemeji, tuandike ipi?" akaniuliza. "Siku ya ayie, au siku ng'ombe walipofika kwetu?"

Ayie, kwa msiojua, ni fedha zinazopelekwa kwa mama wa msichana ili akubali. Yake ilitolewa 2016. Ng'ombe walienda 2021, kwa sababu binamu yangu ni fundi wa baiskeli, si mbunge. Ukihesabu kutoka 2016, miaka 7 ilishapita. Ukihesabu kutoka 2021, asubiri hadi 2028. Ndoa ya Kijaluo ina hatua, na mtu aliyetengeneza hifadhidata aliipa nafasi moja ya kujaza, siku, mwezi, mwaka.

Nikachimba Sheria ya Ndoa ya 2014. Inatambua ndoa za kimila sawa na za kanisani, na kifungu cha 43 kinasema kwamba pale mahari inapohitajika, kutoa sehemu yake ndogo kunatosha kuthibitisha ndoa. Mimi si wakili, lakini nikisoma hapo naona 2016. Tatizo ni kwamba sheria hiyo inataka pia msajili ajulishwe ndani ya miezi 3 baada ya sherehe kukamilika, na usajili wa ndoa za kimila wenyewe ulianza Agosti 2017. Wao hawajawahi kwenda kwa msajili. Kijiji kizima kinajua kwamba ni mke na mume, na kompyuta ya serikali haijui.

Je, ni lazima awe raia? Hapo tulikaa sana, chai ikapoa. Tanzania kwa jumla haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Akiomba wa Kenya, anaweka wa Tanzania hatarini, na kule kwa kawaida asiye raia hamiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Abaki na ukazi wa kudumu? Anaishi na kufanya kazi vizuri tu, lakini hapigi kura, na Kifungu cha 65 cha Katiba yetu kinasema asiye raia anaweza kuwa na ardhi kwa kukodi tu, isiyozidi miaka 99. Shamba analolima tangu 2016 ni la mumewe. Binamu yangu akitangulia, watoto ni wenye nchi na mama yao ni mgeni kwenye boma lake mwenyewe. Sheria ya 2011 inawapa nafasi wajane pia, lakini na mjane ataulizwa tarehe ile ile.

Ndiyo maana nilimwambia tusiguse fomu ya uraia kwanza. Tutafute cheti cha ndoa, na wazee waliokuwepo siku ya ayie waitwe waseme wakiwa bado hai. Wawili wako Shirati. Baada ya cheti tutaomba ukazi, ambao haumlazimu kuacha chochote. Uraia atauamua mwenyewe. Alisema kwanza atamwuliza mama yake.