Kompyuta Ndogo ya Mjukuu Wangu

Katika miaka yangu ya ukuu wa shule nilinunua vitu vingi kwa fedha isiyotosha: madawati, chaki, karatasi za stensili. Kila mara nilijiuliza kwanza kitu hicho kitafanya kazi gani, na kitadumu kwa muda gani. Mwaka juzi, mjukuu wangu alipochaguliwa kujiunga na chuo cha ualimu, sikujiuliza lolote.

Alihitaji kompyuta mpakato. Nilikuwa na shilingi laki sita na nusu, fedha ya kahawa pamoja na akiba kidogo ya pensheni. Tukateremka kutoka Kibosho hadi Moshi mjini, tukazunguka madukani tangu asubuhi. Kwa fedha ile tungeweza kupata kompyuta ndogo mpya, kioo inchi 11.6, uzito wa kilo moja na kidogo. Au kubwa iliyokwisha kutumika Ulaya, nzito, imechubuka pembeni, na betri yake imechoka. Mjukuu aliitazama ile kubwa. Mimi niliitazama ile yenye boksi.

"Nguo za mtumba zinatosha," nilimwambia. "Elimu haitafutwi kwa mtumba."

"Sawa, Babu," akanijibu.

Sisi wa rika langu tuna udhuru kidogo. Mwaka 1974, nilipokuwa mwalimu kijana, Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilidumu miaka mingi. Nilistaafu nikiwa nimeandika takriban ripoti zangu zote kwa kalamu au kwa taipu. Lakini udhuru huo haumsaidii mtoto.

Niipe kwanza haki yake ile ndogo. Haina feni, kwa hiyo haivuti vumbi ndani, na vumbi la Moshi wakati wa kiangazi si la mzaha. Hutumia umeme kidogo. Ikichajiwa vizuri hukaa saa sita, hivyo umeme ukikatika jioni kazi inaendelea. Huingia katika mkoba mmoja na madaftari. Mtu anayepanda kwa miguu kutoka barabarani hadi kihambani, matope ya masika yakimvuta viatu, anajua maana ya kupunguza kilo moja begani.

Kasoro yake imo ndani. Ina kumbukumbu ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, hudai kiasi hicho hicho kuwa kima cha chini kabisa. Kwa lugha yetu ya ualimu, huyu ni mwanafunzi aliyepata alama ya kufaulu bila hata moja ya ziada: kweli amefaulu, lakini usimpe kazi mbili kwa pamoja. Mfumo wenyewe hula sehemu kubwa ya hifadhi, masahihisho yake nayo hudai nafasi, na mwanachuo akiongeza picha na video za masomo, chumba kimejaa. Tena kumbukumbu imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao wa ndani. Fundi mmoja kijana karibu na stendi aliifungua, akaitazama, akaifunga. "Mwalimu, hapa hakuna pa kuweka mkono," akasema. Ile kubwa tuliyoiacha ilikuwa na nafasi ya kuongeza.

Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi ripoti ya mazoezi ya kufundisha, mashine ilianza kujisahihisha, ikakosa nafasi, ikagoma kuwaka. Mjukuu wangu aliandika upya kurasa ishirini na mbili kwa mkono, kwa mwanga wa simu. Hakuniambia. Niliambiwa na mama yake miezi miwili baadaye, naye alisema kwa kunistahi, jambo lililoniuma zaidi kuliko kama angenilaumu.

Watu wakubwa kuliko mimi wameteleza hapo hapo. Mwaka 2005 Profesa Nicholas Negroponte wa Marekani alitangaza kompyuta ya wanafunzi ya dola 100. Novemba mwaka huo Kofi Annan aliionyesha jijini Tunis, na mkono wa kuzungushia umeme ukavunjika mbele ya watu. Ilipoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 2007 bei ilikuwa imekaribia dola 200. Jirani zetu wa Rwanda waliigawa mashuleni kwa wingi. Hata hivyo kioo chake kilisomeka juani, na hilo hii ya kwetu haiwezi. Chini ya mgomba tu naona uso wangu, na uso huo nimekwisha kuuona vya kutosha.

Niliuza ndama dume, tukarudi mjini, nikamnunulia kubwa ya mtumba. Safari hii alichagua yeye, nami nilikaa kwenye benchi nje ya duka. Ndogo ikabaki kwangu baada ya fundi kuifuta yote na kuiweka upya. Kwa mzee anayeandika maneno matupu inatosha, na insha hii imeandikwa humo.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Shule aliyopangiwa kwa mazoezi ya pili haina umeme, na betri ya ile kubwa haifiki hata saa moja.

"Shikamoo, Babu. Naomba ile ndogo kwa mwezi mmoja."

Nimeanza kuhamisha insha zangu kwenye flashi, ili aikute ina nafasi.