Mjusi Asiye Kafiri

Darasani tulijifunza msemo "kujivua gamba" kabla hatujamwona mnyama yeyote akilivua. Tulisoma habari za mwaka 2011, pale chama cha CCM cha Tanzania kilipotangaza kwamba kinajivua gamba, maana yake kinajisafisha kwa kuachana na viongozi waliotajwa katika ufisadi. Tukaandika maana daftarini, tukafungua ukurasa mwingine. Kumbe msemo huo una upande wa pili. Yupo mnyama anayetaka kujivua gamba akashindwa, na akishindwa hupoteza vidole.

Mnyama huyo ni mjusi wa kufugwa. Sisi ni binamu wawili, na tulipewa mjusi huyu na mtu aliyekuwa anahama Maskati. Jina lake la kisayansi ni Eublepharis macularius, alilopewa mwaka 1854, na kwao ni Afghanistani, Pakistani na kaskazini-magharibi mwa India. Ana rangi ya manjano na madoadoa meusi, ndiyo maana wafugaji humfananisha na chui. Likizo ya baridi ilipofika tulimbeba hadi Misfat al Abriyeen, kwa bibi yetu, kwa sababu hatukuwa na mtu wa kumwachia.

Wasomaji ambao hawajafika Misfat waelewe kwamba ni kijiji cha mlimani, juu ya mji wa Al Hamra, karibu mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Nyumba za mawe na udongo zimekaa juu ya mwamba, na chini yake mitende imepandwa ngazi kwa ngazi. Maji yanaletwa na falaji, yaani mfereji unaoyatoa kwenye chanzo chake na kuyagawa mashambani kwa zamu. Mwaka 2021 kijiji hiki kiliingizwa katika orodha ya vijiji bora vya utalii ya Shirika la Utalii Duniani. Lakini hewa yake wakati wa baridi ni kavu, na usiku tunawasha hita, ikazidi kukauka.

Tulipomtoa mjusi kwenye kisanduku tukaona vidole vya mguu wa mbele wa kushoto vimevikwa pete nyeupe. Zilikuwa ngozi za zamani, tabaka juu ya tabaka, zilizobaki kila alipojivua huko alikotoka. Ngozi kama hiyo ikikauka hubana kama uzi uliofungwa, damu haipiti, na kidole hufa. Ncha ya kidole kimoja ilikwisha kuwa nyeusi.

Tatizo letu la kwanza, hata hivyo, lilikuwa bibi. Aliishi Unguja tangu utotoni hadi alipokuwa mama wa watoto watatu, na mjusi wa nyumbani kwake ni mjusi kafiri. Jina hilo si la bure. Imepokewa katika hadithi, na imo katika Sahihi Bukhari, kwamba mjusi wa aina hiyo alikuwa akipuliza moto aliowashiwa Nabii Ibrahimu, na kwamba Mtume aliamrisha auawe. Bibi alisimama mlangoni na ndara mkononi.

"Huyo ndani ya nyumba yangu halali."

Sisi tumezoea kumjibu bibi kwa Kiarabu. Yeye anasema Kiswahili, sisi tunasema Kiarabu, na mambo yanakwenda. Siku hiyo haikuwezekana, maana hoja yenyewe ilikuwa ndani ya neno la Kiswahili. Tukamwomba amtazame macho. Bibi akavaa miwani, akainama. Mjusi akafumba macho, akafumbua.

"Ana kope huyu," akasema. "Mjusi kafiri hafumbi macho."

Ni kweli. Mjusi kafiri wa ukutani hana kope zinazofunga; jicho lake limefunikwa na utando mwangavu, naye huusafisha kwa kuulamba. Huyu wetu ana kope, na vidole vyake vina kucha bila ile mito ya kung'ang'ania ukuta. Bibi akatueleza kwamba Unguja kulikuwa na mjusi kafiri na mjusi islamu, yule anayeng'aa na kukimbia chini kwenye majani. Huyu hakuwa yeyote kati ya hao wawili. Akakata shauri: "Basi huyu mgeni. Mgeni hapigwi." Ndara ikawekwa chini.

Akapendekeza tumwachie mlimani akaishi na wenziwe. Tukamweleza kwamba wenziwe hawako huku. Milima ya Hajar ina mijusi yake, wakiwemo wa jenasi ya Asaccus wanaoishi kwenye miamba, nao wanajua wenyewe kujisugua kwenye mawe na kujificha kwenye nyufa zenye ubaridi. Mnyama wa kigeni aliyezoea kulishwa hatakiwi kuachiwa kati yao, kwa usalama wake na wao.

Basi tukaanza kazi. Mmoja wetu alitaka kuivuta ile ngozi kwa kibanio, na bibi ndiye aliyemzuia. "Kigaga hakibanduliwi kikavu, wanangu. Kirowesheni kwanza." Alikuwa anazungumzia vidonda vya magoti yetu ya zamani, lakini kanuni ni ileile. Kabla mjusi hajajivua, ngozi mpya huota chini ya ile ya zamani, na majimaji huingia kati yake ili ziachane. Hewa ikiwa kavu mno, ngozi ya juu hukauka kabla ya kuachia. Ukiivuta kwa nguvu unaweza kuchuna na ile changa, au kung'oa kidole.

Tulitia maji ya uvuguvugu ndani ya kopo pana, yasipite tumbo lake, tukatandika kitambaa chini asiteleze, tukafunika kwa kifuniko chenye matundu. Tulikaa naye dakika 15 bila kuondoka. Kisha tukachukua kijiti cha pamba kilicholowa, tukakiviringisha taratibu kutoka kwenye kiganja kuelekea ncha ya kidole. Mkia hatukuushika, kwa sababu mjusi huyu akiogopa huuachia. Bibi alileta mafuta ya nazi. Tukamwomba tujaribu maji kwanza. Siku ya kwanza haikutoka kitu, tukaacha. Siku ya pili pete moja ililegea. Siku ya tatu zilitoka zote, moja ikiwa nzima kama kidole cha glavu.

Ile ncha nyeusi haikurudi. Daktari wa mifugo, aliyezoea mbuzi na ng'ombe, aliangalia picha kwenye simu akatuambia tuiache ianguke yenyewe, tuweke safi, na tumpelekee mnyama kukiwa na uvimbe. Ilianguka baada ya wiki moja. Uvimbe haukutokea.

Kuokoa vidole ni dharura tu. Dawa ya kudumu ni makazi. Huko kwao, nchi kavu kama hii yetu, mjusi huyu hushinda mchana ndani ya mashimo yenye unyevu. Kwa hiyo tulikata tundu ubavuni mwa kopo la aiskrimu, tukatia karatasi za jikoni zilizolowa na kukamuliwa, tukaliweka upande wenye joto. Karatasi hubadilishwa mara kwa mara zisiote ukungu. Nyenje anaowala tunawanyunyizia unga wa kalsiamu na vitamini, kwa kuwa upungufu wa vitamini A nao huharibu kujivua.

Kabla likizo haijaisha alipauka mwili mzima kama aliyepakwa majivu, akaingia koponi. Alipotoka alikuwa anajivuta ngozi kwa mdomo na kuila mpaka kipande cha mwisho. Bibi alitazama yote. "Anafagia mwenyewe," akasema, na hiyo kwake ni sifa kubwa.

Sasa tumerudi chuoni na mjusi wetu. Bibi akipiga simu, salamu zikiisha huuliza, "Kajivua?" Nasi tunamjibu kwa Kiswahili: kajivua, bibi, vidole kumi na tisa vizima na kimoja kifupi.